Kliniki ya sheria ya kazi: uliza tarehe kabla ya kisa

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi akifika kwenye kliniki ya chuo cha sheria, ambako wanafunzi husaidia wateja chini ya wakili msimamizi, mwanafunzi aandike jina la mwajiri na kuhakiki kama kuna mgongano wa maslahi. Kisha aulize tarehe: barua ilipokelewa lini? Kama hakuna barua, aliambiwa lini asirudi? Madai ya kazi huwa na ukomo mfupi, yaani muda wa mwisho wa kuyafungua, na usuluhishi wa ndani ya kampuni si lazima usimamishe siku kuhesabika. Wengi hukwama hapo, wakisubiri majibu ya meneja.

Baada ya hapo, nyaraka: mkataba, hati za mshahara, taarifa za benki, ratiba ya zamu. Ujumbe wa simu uhifadhiwe mfululizo wote. Picha ya mistari miwili isiyoonyesha tarehe wala namba hupingwa kwa urahisi. Mteja aonywe asichukue faili za siri za mwajiri, maana anaweza kumpa mwajiri huyo sababu mpya ya kutetea kumfukuza kwake.

Wanafunzi huchanganya sababu na utaratibu wa kumwachisha mtu kazi. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unavitenganisha: ibara ya 4 inadai sababu halali, ya 7 nafasi ya kujitetea. Hata nchi isipouridhia, mgawanyo huo hupanga vizuri maswali. Kwa anayeitwa "mkandarasi", si mwajiriwa, Pendekezo Na. 198 la shirika hilo, la 2006, linaelekeza kutazama hali halisi: nani anapanga saa, vifaa ni vya nani, malipo huja kila baada ya muda gani.

Semina za kliniki za mitaani zibebe mada moja tu. Kusoma vifungu huwachosha watu. Wape hati ya mshahara ya mfano wakokotoe saa za ziada wenyewe. Kesi binafsi zisijibiwe ukumbini: msimamizi wa mtu anaweza kuwa amekaa nyuma yake. Wapangiwe miadi, na ushauri upitiwe na wakili msimamizi.

Faili za wateja wa kliniki, zikiondolewa majina na kila kinachomtambulisha mteja, ndizo nyenzo bora za mafunzo endelevu ya mawakili, kuliko mihadhara. Wape wakokotoe stahiki. Kosa la kawaida, hata kwa wazoefu, ni kutumia mshahara wa msingi pale sheria inapotaka jumla yenye posho, au kinyume chake.

Muhula ukiisha, kila faili ikabidhiwe kwa maandishi: tarehe ya ukomo juu kabisa, hatua inayofuata, na jina la atakayeichukua likizoni. Mahakama haifuati kalenda ya chuo.