Kufuata awamu za mwezi katika maisha ya kiroho: maana yake nini?

Ni kupanga sala, tafakuri, mfungo au nia zako kwa kutazama mwezi umefikia wapi, si kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Mzunguko mmoja huchukua takriban siku 29 na nusu. Mwezi wenyewe haubadiliki umbo. Kinachobadilika ni kiasi tunachokiona cha upande wake unaomulikwa na jua.

Wengi wanaoufuata siku hizi huenda hivi: mwezi ukiandama, mtu hutia nia, ukikua, huifanyia kazi, ukipevuka, hushukuru na kujikagua, ukipungua, huachilia kinyongo au tabia iliyomchosha. Siku za giza hupumzika. Wapo wanaougawa mara nane, ila kwa anayeanza nane ni mzigo tu.

Kinachochanganya watu ni “mwezi mpya”. Programu ya simu ikisema mwezi mpya ni leo, ina maana mwezi uko upande mmoja na jua na hauonekani kabisa. Kuandama ni jambo jingine: hilali kuonekana magharibi jua likishazama, kwa kawaida siku moja au mbili baadaye. Chagua moja uishike. Mimi napendelea hilali, kwa kuwa inamtoa mtu nje akatazame mbingu.

Michoro nayo hupotosha. Kaskazini mwa dunia mwezi unaokua hung'aa upande wa kulia, kusini upande wa kushoto, na karibu na ikweta hulala kama mtumbwi. Kipimo cha uhakika ni saa: mwezi mwembamba wa jioni unakua, wa alfajiri unapungua, na mpevu huchomoza mashariki jua linapotua.

Dini kubwa zimeufuata mwezi kwa karne nyingi. Wabudha wana siku za ibada ziitwazo uposatha, zikiwemo za mwezi mpevu na za giza, ambapo waumini wa kawaida huweza kushika kanuni nane za mwenendo. Waislamu wana sunna ya kufunga siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15. Wahindu wengi hufunga ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi. Hata Pasaka ya Wakristo huhesabiwa kutokana na mwezi mpevu. Lakini tofauti iko hapa: Qur'ani (2:189) inazitaja hilali kuwa vipimo vya wakati kwa watu na kwa Hija. Ni saa, haziombwi. Katika Wicca, dini ya kipagani ya kisasa, kwa upande mwingine, mwezi huhusishwa na mungu wa kike, na ibada za mwezi mpevu humwelekea yeye. Kabla ya kuiga ibada ya mtu, jua yeye anauona mwezi kama saa au kama chanzo cha nguvu.

Utasikia pia kwamba mwezi mpevu huvuta maji ya mwilini kama uvutavyo bahari. Mvuvi angeuliza: mbona bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mwezi ukiwa mpevu na pia ukiwa gizani? Isitoshe, mwili wa mtu ni mdogo mno kuwa na maji kupwa na kujaa.

Mawingu yakifunika, hesabu usiku tangu hilali ya mwisho. Ukifika 30 bila kuiona nyingine, anza upya.