Usisubiri Asubuhi: Maswali na Majibu kwa Wenye Mbwa Wakubwa

Mimi ni daktari wa mifugo, Dar es Salaam. Wanaoletwa kwangu wengi ni German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, mbwa wa kulinda nyumba. Maswali haya huwa naulizwa, na mara nyingi naulizwa nikiwa nimechelewa kusaidia.

Daktari, mbwa mkubwa ni yupi?
Anayevuka kilo 25 hivi akikomaa. Great Dane hupita kilo 50. Dawa ya minyoo, ya kupe, ya usingizi, zote hupimwa kwa kilo, kwa hiyo bili nayo hupanda kwa kilo. Anayekuuzia kitoto cha kilo nne hilo halitaji.

Ataishi miaka mingapi?
Michache kuliko mbwa mdogo. German Shepherd akitunzwa hufika kati ya 9 na 13. Great Dane wengi hawafiki 10.

Kuna kitu kinaua ghafla?
Kipo: mfuko wa chakula kujaa gesi na kujipinda. Huwapata zaidi mbwa wenye vifua virefu vya kushuka chini, na hao ndio mnaowapenda. Mfuko ukijizungusha, njia ya kuingilia na ya kutokea zote zinafungwa, kama rambo lililosokotwa pande mbili. Gesi haina pa kupita, damu inashindwa kurudi moyoni, nyama ya mfuko inaanza kufa. Ni suala la saa chache.

Nitajuaje?
Anajikamua kutapika na hakitoki kitu, ila mate mazito ya kuvutika. Shikeni hiyo hata mkisahau mengine. Hatulii: analala, anainuka, anageuka kuangalia ubavu wake. Tumbo linavimba nyuma ya mbavu, ukilipiga kwa vidole linalia kama ngoma. Baadaye ufizi unapauka na miguu inaisha nguvu, lakini ukingoja ufike hapo utakuwa unaniletea wa kuzika.

Imeanza saa tatu usiku. Nimlete asubuhi?
Hapana. Mlete usiku huohuo.

Lakini bado anatembea na mkia anatikisa.
Mlete usiku huohuo. Mbwa wa ulinzi ni nadra kulia hata akiwa na maumivu. Juzi nililetewa German Shepherd wa miaka saba nyuma ya pikapu, amelazwa juu ya gunia. Mlinzi alimwona anajikamua tangu saa nne usiku, bosi akasema kula kwake vibaya kumemponza, kutakucha. Nilipofunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama chaki, na manyoya ya kidevuni yalikuwa yameloa mafuta ya alizeti waliyomnywesha. Alikufa nikiwa natafuta mshipa wa kuwekea dripu.

Kwani mafuta yana ubaya gani? Au maziwa kidogo?
Nimesema njia imefungwa. Unachomimina mdomoni hakina pa kwenda, na akipaliwa kinaishia kwenye mapafu. Si mafuta, si maziwa, si soda, si magadi, si mkaa, si dawa ya minyoo. Nusu saa mnayotumia kumshika taya ndiyo nusu saa niliyokuwa naihitaji mimi.

Mkimpokea mnamfanyaje?
Dripu kwanza. Gesi hutolewa kwa mpira unaopitishwa mdomoni, au kwa sindano nene ubavuni. Kisha upasuaji: mfuko unarudishwa mahali pake na kushonewa kwenye ukuta wa tumbo usizunguke tena. Wapo wanaoona tumbo limenywea baada ya gesi kutoka, wanasema "amepona, daktari, tunashukuru," wanaomba kwenda naye nyumbani. Hajapona. Mfuko bado umejipinda, au utajipinda tena.

Naweza kuzuia?
Kwa kiasi. Angalieni mnavyowalisha: mbwa anafungiwa bandani kutwa nzima, jioni anawekewa beseni la ugali wa dona na dagaa, anafagia kwa dakika mbili, geti la banda linafunguliwa, anatimua mbio kuzunguka uwanja. Gawa chakula hicho mara mbili au tatu kwa siku, na umwache apumzike saa moja hivi kabla ya kumfungulia. Wakiwa wawili, kila mmoja na chombo chake, maana wakigombea wanameza hewa. Anayekula kwa pupa mwekee katikati ya bakuli jiwe safi, kubwa kuliko mdomo wake. Kama mama yake au ndugu yake alipata tatizo hili, uliza kuhusu kumshonea mfuko mapema, hasa siku anapofungwa uzazi.

Na unga ulioota ukungu ambao binadamu mmeukataa, mbwa naye asile. Sumukuvu huua ini lake.

Mtoto wa Rottweiler nimwongezee kalisi akue haraka?
Kukua haraka ndiko kunakoharibu nyonga na viwiko. Chakula cha watoto wa mbwa wakubwa kina kalisi ya kutosha. Mwache awe mwembamba kidogo, majirani waseme watakavyo.

Amemng'ata mtu. Tumwangalie mbwa kwanza kama ana kichaa?
Hapana, na hili nalo halisubiri kukuche. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo. Mbwa mtamwangalia baadaye. Na chanjo yake ya kichaa ni ya kila mwaka, muwe na kadi.

Ni saa nane usiku na sina gari.
Bajaji inambeba. Mlaze kwa ubavu, usimbane tumbo, piga simu ukiwa njiani ili tuwashe taa na kuandaa vifaa. Na namba ya daktari ibandikwe kwenye mlango wa banda leo, kwa maandishi makubwa, kwa sababu usiku wa namna hiyo anayekuwa macho ni mlinzi. Mwambie asiombe ruhusa.