Shule ya Kwanza ya Serikali Tanga: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Tanga ina sifa ambayo hata Dar es Salaam haiwezi kuidai: ndiko ilikofunguliwa shule ya kwanza ya serikali katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Wakati huo Tanga ilikuwa mji mdogo wa bandari, reli ya kwenda Muheza haijakamilika. Sifa hiyo ni ya kweli. Yanayoongezwa juu yake ndiyo yenye walakini.

“Ndiyo shule ya kwanza Tanganyika.”

Ya kwanza ya serikali, sawa. Lakini mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, wakilea na kufundisha watoto waliokombolewa utumwani, na Waanglikana wa UMCA, misheni kutoka Uingereza, walishakuwa na kituo Magila, jirani na Muheza, kabla Mjerumani hajashika pwani. Na kabla ya hao wote kulikuwa na chuo, yaani madrasa ya Kurani: mwalimu, mkeka, ubao wa kuandikia, na watoto wakiimba alifu, be, te. Atakayesema chuo si shule atueleze basi wale watoto walikuwa wakifanya nini pale.

Mwaka nao hugombewa. Wengi hutaja 1892, wengine 1893, na 1895 nao umeshika midomoni. Mimi nabaki na 1892 au 1893, maana mradi huu ulikuwa wa gavana wa Kijerumani, Julius von Soden, na huyo aliondoka madarakani 1893.

“Wajerumani ndio walioleta kusoma na kuandika.”

Hapana. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu: barua, hati za madeni, tenzi. Serikali ya Kijerumani yenyewe, miaka yake ya mwanzo, ilipokea barua za maliwali na majumbe kwa maandishi hayo hayo. Shida ilikuwa ya maofisa: hawakuweza kuyasoma, wakabaki mikononi mwa wakalimani. Shule ya Tanga ilifundisha herufi za Kilatini, na kadiri ofisi zilivyohamia kwenye herufi hizo, mtu aliyekuwa msomi wa mtaa mzima akajikuta anahesabiwa hajui kusoma.

“Ulikuwa mtego wa kubatiza watoto wa Kiislamu.”

Hofu hii haikuzuka hewani. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889, na miaka kama mitatu baadaye serikali iliyomnyonga inawaambia wazazi walete watoto. Nani angemtoa mwanawe kwa moyo mweupe? Wengi hawakuwatoa, na madarasa ya mwanzo yalikuwa na wanafunzi wachache, hadi majumbe walipobanwa wapeleke vijana.

Lakini kuhusu ubatizo, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Von Soden alijua kwamba mji ni wa Waislamu na kwamba ukitia Ukristo darasani, darasa litabaki tupu. Akataka shule isiyofundisha dini hiyo. Akaenda mbali zaidi: akapendekeza Kurani ifundishwe humo humo, ili wazazi watulie. Hapo wamisionari wakaja juu. Hoja yao ilikuwa kwamba dola ya Kikristo haiwezi kuulea Uislamu kwa fedha zake. Wazo la Kurani halikudumu, ila shule ikabaki bila somo la dini, na wamisionari wakaendelea kuitazama kwa jicho baya kwa miaka mingi. Waliokuwa wakiipiga vita kwa sauti kubwa kuliko wote, basi, walikuwa watu wa kanisa. Kisa hiki kingefaa kitajwe zaidi kuliko tarehe ya ufunguzi.

“Ilijengwa ili watoto wote waelimike.”

Ilijengwa ili ofisi zipate watu. Kodi ya kibanda ilipoanza kutozwa mwishoni mwa miaka ya 1890, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, alitakiwa mtu wa kuandika jina la mlipaji, kujumlisha safu na kutoa stakabadhi. Forodha ilitaka karani. Akida, mtumishi wa serikali aliyesimamia vijiji, alitakiwa aweze kusoma amri ya boma bila kusomewa. Kulikuwa pia na mafunzo ya ufundi, na bendi ya matarumbeta, lakini wasichana hawakuwa katika hesabu. Kufikia 1914 shule zote za serikali katika koloni zima zilikuwa na wanafunzi kama 6,000, wakati za misheni zilikuwa na zaidi ya 100,000. Nambari hizo zinatosha.

“Walifundishwa kwa Kijerumani.”

Wachache waliofika madarasa ya juu walikionja. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, na sababu haikuwa mapenzi: kilikuwa kimeshaenea kwenye njia za misafara, na walowezi wengi hawakutaka Mwafrika aelewe wanachosemezana. Matokeo yake yalipita makusudi. Shuleni hapo kulikuwa na mtambo wa kuchapia, vijana wakajifunza kupanga herufi za madini ya risasi moja moja, na kuanzia 1904 au 1905 likawa linatoka gazeti la kila mwezi, *Kiongozi*. Lilikuwa la serikali, halikuficha. Hata hivyo watu waliandika humo kutoka sehemu mbalimbali za koloni, wakatuma habari za kwao na mashairi, na mtu wa bara akawa anamsoma mtu wa pwani kwa lugha moja, herufi moja.

Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya walipojaribu kuiteka Tanga kutoka baharini. Waliingia 1916, na *Kiongozi* likafa mwaka huo. Makarani hawakufa nalo. Watawala wapya waliandika kwenye ripoti zao kwamba mfumo wa Wajerumani uliwaachia faida kubwa: waliweza kumwandikia jumbe barua kwa Kiswahili, na kujibiwa kwa Kiswahili.