Moshi wa samaki na moshi wa magari: kaboni ya hewa ya Abidjan na Cotonou

Mtu akiniuliza hewa ya Abidjan ni chafu kiasi gani, huwa namuuliza kwanza: mtaa gani, na mwezi gani? Kati ya Novemba na Machi upepo wa Harmattan hushusha vumbi la Sahara hadi Ghuba ya Guinea, sehemu yake likitokea Bodélé huko Chad. Mizani haitofautishi vumbi hilo na moshi wa dizeli. Inachojua ni mikrogramu za chembe laini, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, katika kila mita ya ujazo ya hewa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi 5.

Ndiyo maana sisi wa maabara huitafuta kaboni, dalili ya kitu kilichoungua. Chembe tunazinasa kwenye chujio la nyuzi za kwatzi, kisha tunakata kipande na kukipasha moto ndani ya heliamu, pasipo oksijeni. Kaboni ogani, ile ya lami na mafuta ya moshi, hutoka. Oksijeni ikiingizwa, masizi, yaani kaboni nyeusi, nayo huungua. Kuna mtego hapa: sehemu ya kaboni ogani hugeuka mkaa humo humo tanurini na kujifanya masizi, kwa hiyo mwali wa leza hufuatilia weusi wa chujio muda wote. Hata hivyo, maabara mbili zenye ratiba tofauti za joto zinaweza kutoa majibu tofauti kwa chujio lile lile. Usilinganishe majedwali kabla ya kuuliza walipima vipi.

Uwiano wa kaboni hizo mbili hudokeza kilichoungua. Dizeli huelemea kwenye masizi. Kuni huelemea kwenye kaboni ogani, na vivyo hivyo pikipiki za zamani zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili, zilizowahi kutawala kazi ya zemidjan, bodaboda wa Cotonou, Benin.

DACCIWA, mradi wa utafiti wa hewa ya Afrika Magharibi, uliweka vituo katika miji hiyo miwili kuanzia 2015. Kando ya barabara zenye msongamano, wastani wa chembe laini ulikuwa takriban mikrogramu 30. Yopougon, mtaa wa Abidjan ambapo akina mama hukausha samaki kwa moshi wa kuni, ulizidi 100.

Na bado mjadala wa hewa safi huanzia kwenye magari. Mwaka 2020 nchi za ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, zilikubaliana kupunguza salfa katika mafuta hadi sehemu 50 kwa milioni. Ni hatua nzuri, ila haimgusi mama aliyeinamia jiko la kuni tangu alfajiri. Kwake yeye kuna tanuri la kukaushia samaki la FTT-Thiaroye, lililobuniwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na kituo cha mafunzo ya uvuvi cha Senegal, ambalo hupunguza moshi anaouvuta na pia sumu za moshi zinazobaki kwenye samaki. Bei yake ni kubwa mno kuliko ya pipa la chuma la kukaushia samaki. Bila ushirika au mkopo, mchuuzi mmoja halimudu. Mimi fedha za mradi ningezipeleka huko kabla ya kununua kipimo kingine cha barabarani.