Herufi nane ndani ya utando wa seli

DxxDGxxARxxxxxxxxGxxxDxxxD. Hiyo si nywila. Ni alama ya ukoo mmoja wa vimeng'enya vinavyotengeneza fosfolipidi, yaani lipidi zinazojenga utando wa seli. Kila herufi kubwa ni asidi amino moja katika mnyororo wa protini: D ni asidi aspatiki, G glisini, A alanini, R arjinini. Penye x panaweza kukaa asidi amino yoyote.

Vimeng'enya vya ukoo huu hupokea molekuli iliyobeba CDP (sitidini, moja ya vijenzi vya RNA, yenye fosfeti mbili), hukata kifungo kati ya fosfeti zake mbili, kisha huunganisha kipande kimoja na alkoholi kama inositoli. CMP, yaani sitidini iliyobaki na fosfeti moja, huachwa iende zake. Vimo kwa binadamu, hamira, bakteria na hata arkea, viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo.

Anayeanza kusoma huziruka zile x, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu idadi yake ndiyo yenye siri. Kimeng'enya hiki hupenya utando mara kadhaa, mara nyingi sita, na kila kipande kinachopenya kimejisokota kama springi yenye asidi amino kama 3.6 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo herufi zilizoachana kwa hatua tatu au nne huangukia upande uleule wa springi. Mfuatano wetu umelala kwenye springi ya pili na ya tatu, nazo zinatazamana: D za huku na D za kule hushika ioni za metali, kwa kawaida magnesi, zinazotuliza fosfeti. D ya mwisho hunyang'anya alkoholi protoni ili iweze kushambulia. Glisini, kwa udogo wake, huacha nafasi ya sitidini ya CDP kuingia. Picha za fuwele za mwaka 2014, za protini ya arkea Archaeoglobus fulgidus, zilionyesha mpangilio huo.

Lakini usidhani kazi moja lazima iwe na alama moja. Kimeng'enya kinachounda fosfatidilserini, moja ya fosfolipidi, katika bakteria Bacillus subtilis kina mfuatano huu, lakini cha bakteria E. coli hakina kabisa, kwani kimetoka ukoo mwingine.

Bakteria wa kifua kikuu nao wanacho kimeng'enya cha ukoo huu, ila chao hutumia inositoli iliyokwisha kuunganishwa na fosfeti, wakati cha binadamu hutumia inositoli tupu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowavutia watafuta dawa ya kukizuia cha bakteria bila kugusa cha binadamu.