Badiliko la kikemikali si lazima liwe lisilorudi

Katika tuisheni za hapa Unguja, na katika madaftari ya wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, kuna kauli imeota mizizi: kwamba badiliko la kiumbo hurudi na la kikemikali halirudi. Ni rahisi kuikariri, lakini siyo maana ya dhana hizo.

Maana yenyewe ni fupi. Maada ikibadilika umbo, ukubwa au hali, ikabaki dutu ile ile, badiliko ni la kiumbo. Ikipatikana dutu mpya yenye sifa zake, badiliko ni la kikemikali. Kurudi au kutorudi hakumo.

Tutazame chokaa. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Fundi akilivunja kwa nyundo, hakuna atakayeviunga vipande vikawa jiwe lile lile, na bado badiliko hilo ni la kiumbo. Vipande hivyo vikipangwa tanurini juu ya magogo, moto ukafika nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kabonidayoksaidi hutoka na kubaki kalsiamu oksaidi: kilo 100 za kalsiamu kabonati safi huacha kilo 56 tu, na 44 zimekwenda na hewa. Jiwe bichi ukilimwagia maji hurowa tu. Hili lililotoka tanurini hufoka mvuke, huchemka bila ya kuwekwa jikoni, kisha hupasuka na kuwa unga mweupe wa kalsiamu haidroksaidi. Hiyo ndiyo dutu mpya, na mwanafunzi anastahiki kuiona kwa macho yake.

Chokaa hiyo ikapakwa ukutani, kama ilivyopakwa katika nyumba za Mji Mkongwe, wengi hudhani kwamba inakuwa ngumu kwa kukauka peke yake. Maji hutoka, ni kweli, lakini ugumu hasa hutokana na kuvuta polepole kabonidayoksaidi ya hewani, kwa miezi na hata miaka, mpaka ikawa tena kalsiamu kabonati. Dutu imerudi ilipoanzia, na kila hatua ya kurudi huko ilikuwa ya kikemikali.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba kuganda kwa chokaa ni badiliko la kiumbo, kwa sababu imerudi kuwa jiwe, amefuata kwa uaminifu kanuni aliyopewa. Ninawaomba walimu wenzangu tumuulize kwanza ni dutu gani iliyopatikana, na suala la kurudi tulifundishe kando.