“Si Wangekula Kiapo Tu?” Dhana potofu kuhusu Waakadia, na ukweli wake

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Mama mmoja kutoka Bukavu, anayejiandaa na mtihani wa uraia, alifunga daftari akaniambia: “Lakini mwalimu, hawa Waakadia walijitakia. Si wangekula kiapo tu, wakae kwao kwa amani?” Nafundisha historia ya Kanada kwa wageni hapa Moncton, wengi wao Wakongo na Warundi, na karibu kila darasa lina mtu wa kulisema hilo. Waakadia ni wazao wa walowezi wa Kifaransa waliokuwa wakiishi Akadia, pwani ya mashariki ya Kanada ya leo. Mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza, wakidai kwamba wamekataa kula kiapo cha utiifu kwa mfalme wa Uingereza. Safari hii nalijibu kwa maandishi, kwa sababu dakika kumi za mwisho wa kipindi hazitoshi.

Kiapo walikula. Anzia hapo, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Mwaka 1713, kwa Mkataba wa Utrecht, Ufaransa iliikabidhi Uingereza Akadia, ikaitwa rasmi Nova Scotia. Lakini Wafaransa hawakwenda mbali. Walibaki na kisiwa cha Île Royale hapo jirani, wakajenga ngome ya Louisbourg. Kwa hiyo Waakadia, wakulima Wakatoliki wanaosema Kifaransa, wakawa chini ya mfalme wa Uingereza huku bunduki za Ufaransa ziko ng’ambo ya mlango wa bahari, na Wami’kmaq, wenye nchi, waliokuwa washirika wa Wafaransa na ambao baadhi yao walikuwa wakwe wa Waakadia, wamewazunguka. Wakishika silaha upande wowote, wa upande wa pili atawachomea nyumba. Wakaomba neno moja tu: tutakuwa watiifu, ila msitupeleke vitani.

Mwaka 1730 Gavana Richard Philipps akawaapisha. Kwenye karatasi ya kiapo hakuna sharti lolote. Kwa mdomo, aliwaahidi kwamba hawatalazimishwa kupigana, na padri na karani wa Minas, mojawapo ya maeneo yao makubwa, wakaandika cheti cha kushuhudia ahadi hiyo. Tangu hapo Waingereza wenyewe wakawa wanawaita Wafaransa wasio na upande. Mwaka 1744 jeshi kutoka Louisbourg lilipokuja kuuzingira Annapolis Royal, mji wa Waingereza, likitumaini Waakadia watainuka, wengi wao walibaki mashambani mwao. Ahadi yao waliitimiza mbele ya ndugu zao wa lugha moja.

Sasa njoo 1755. Juni mwaka huo Robert Monckton aliiteka ngome ya Wafaransa ya Beauséjour, na ndani walikutwa Waakadia wapatao mia mbili hadi mia tatu. Hapa ndipo watu hupiga meza: “Unaona? Wasaliti!” Masharti ya kusalimu amri, ambayo Waingereza waliyakubali, yanasema watu hao wasamehewe kwa kuwa walilazimishwa kushika silaha kwa tishio la kuuawa. Wapo Waakadia waliopigana kwa hiari, Joseph Broussard aliyeitwa Beausoleil akiwa maarufu kuliko wote, na silifichi hilo. Lakini huwezi kuwahukumu maelfu kwa ajili yake.

Mwezi uliofuata Luteni Gavana Charles Lawrence aliwaita wajumbe wa Minas waje Halifax, makao makuu ya Waingereza, akawataka wale kiapo kisicho na sharti palepale. Waliomba warudi kushauriana na watu wao. Wakanyimwa, nao wakakataa kuapa bila wenzao. Usiku ukapita, asubuhi wakasema basi, tutaapa. Soma tena sentensi hiyo, tafadhali: walikubali kuapa. Wakajibiwa kwamba wamechelewa, aliyekwisha kukataa hawezi tena kuapishwa, wakafungiwa katika kisiwa cha Georges bandarini. Tarehe 28 Julai baraza la Halifax likaamua watu wote waondolewe. Ufaransa na Uingereza hazikuwa hata zimetangaziana vita rasmi. Hilo lilikuja Mei 1756.

Sasa niambie, kiapo gani kingewaokoa?

Mimi nimekulia Tanga, na kuna jambo moja la Akadia nililielewa kwa miguu kabla ya kulisoma. Ni maji. Kwetu bamvua kubwa hupanda kama mita nne. Huku, kwenye kina cha Ghuba ya Fundy, maji hujaa na kupwa hadi mita 16. Waakadia walizitazama tope zile za chumvi wakaona ngano. Walikata mabonge ya udongo wenye nyasi kwa koleo nyembamba, wakayapanga kama matofali hadi ikawa tuta refu. Chini ya tuta walilaza gogo lililochongwa mfereji, na ndani yake wakaning’iniza kibao. Maji ya mvua yakitoka shambani hukisukuma kibao kikafunguka. Bahari ikijaa hukikandamiza kikajifunga chenyewe. Wenyewe wanakiita *aboiteau*. Baada ya miaka miwili mitatu mvua imeosha chumvi, na udongo uliobaki una rutuba ajabu. Mashamba ya namna hiyo, yaliyokwisha kutayarishwa, yalikuwa yanajulikana vizuri Boston na Halifax.

Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu: ukisoma habari za watu kufukuzwa, tafuta nani alivuna pale baada yao. Tarehe 5 Septemba 1755 Kanali John Winslow wa Massachusetts aliwaita wanaume na wavulana wa Grand-Pré, kijiji cha Minas, kanisani saa tisa alasiri. Waliingia 418. Wakasomewa kwamba ardhi, nyumba na mifugo yao sasa ni mali ya mfalme, na wao watasafirishwa. Wabebe fedha na vyombo vinavyobebeka. Miaka mitatu baadaye Lawrence akatangaza New England kwamba ardhi ya bure ipo, na katika miaka iliyofuata wakaja walowezi wapatao 8,000. Novemba 1759 dhoruba ilikuwa imeyavunja matuta, bahari ikarudi mashambani, na wageni hawakujua kuyajenga. Waliotafutwa kuyatengeneza ni wafungwa Waakadia. Wakafanya kazi ya kibarua kwenye mashamba ya baba zao.

Mengine nitayapitia haraka.

“Walipelekwa Louisiana.” Hakuna meli hata moja ya 1755 iliyopelekwa huko. Waligawanywa katika makoloni ya Kiingereza, Massachusetts hadi Georgia, makusudi wasikusanyike tena. Virginia ilikataa kuwapokea. Zaidi ya elfu moja wakasafirishwa Uingereza 1756, wakazuiliwa Liverpool, Bristol, Southampton na Falmouth hadi 1763, na ndui ikawaua wengi. Kisha wakapelekwa Ufaransa, nchi ambayo karibu wote hawakuwahi kuiona. Louisiana walikwenda baadaye kwa hiari yao, na wakati huo ilikuwa imekwisha kupewa Uhispania: Beausoleil na watu wapatao mia mbili mwaka 1765, halafu meli saba kutoka Ufaransa mwaka 1785, nauli ikilipwa na mfalme wa Uhispania.

“Ni Wafaransa wa Quebec.” Hapana. Port-Royal ya Akadia ilianzishwa 1605, miaka mitatu kabla ya mji wa Quebec. Wana lafudhi yao, sikukuu yao ya 15 Agosti waliyoichagua 1881, na bendera yao ya 1884, rangi tatu za Ufaransa na nyota ya njano. Ukimwita mtu wa ukoo wa LeBlanc, Mwakadia wa hapa, Mquebec, atakusahihisha, na ana haki.

“Kuna msichana Evangeline aliyemtafuta mchumba wake maisha yote.” Huyo ni wa shairi la Longfellow la 1847, Mmarekani aliyelitunga karibu miaka mia moja baada ya tukio. Machozi yako yaweke kwa abiria wa *Duke William* na *Violet*, meli zilizozama Desemba 1758 na mamia ya Waakadia wa Île Saint-Jean, kisiwa kinachoitwa leo Prince Edward Island. Hao waliishi kweli.

“Moncton ni jina la Kiakadia.” Hili hunichoma, kwa sababu barua zangu zote zina anwani hiyo. Mji umepewa jina la Robert Monckton, yuleyule wa Beauséjour, aliyesimamia kuwakusanya na kuwaondoa Waakadia wa Chignecto, eneo la ngome hiyo. Hata chuo kikuu ambako wajukuu zao wanasoma kwa Kifaransa kina jina hilo, na wapo Waakadia wanaotaka libadilishwe. Wao walipaita hapa Le Coude, yaani Kiwiko. Shuka ukingoni mwa mto Petitcodiac maji yakianza kujaa, usimame kidogo. Utaliona wimbi la kahawia likija kinyume cha mkondo, na pale linapopinda, hapo ndipo Kiwiko.